Snapseed, Lightroom, GIMP au darktable: ipi itarudisha rangi ya bibi harusi?

Picha ninayoizungumzia ni ya mkono. Mkono wa kushoto wa bibi harusi mmoja wa hapa Lamu, umelazwa juu ya mto, hina imepanda hadi karibu na kiwiko, piko, ile rangi nyeusi, imezungushwa pembeni mwa maua, na kando ya vidole kuna asumini chache zilizodondoka nyweleni. Uso haumo. Nimepewa ruhusa ya mkono tu, na hilo lina uzito wake katika kuchagua programu, nitalifikia.

Nilipoifungua usiku ule kwenye laptopu, mkono ulikuwa na rangi tatu. Wanaozijua nyumba zetu za mawe wataelewa: chumba cha ndani hakina dirisha, mwanga wa mchana unapenya kutoka kiwandani, yaani ua wa ndani ya nyumba, na kufika pale umeshachoka, una ubuluu. Juu kulikuwa na balbu ya manjano. Na kwenye kidaka kimoja cha ukutani mtu alikuwa ameweka taa ya LED ya kuchaji, zile za bei rahisi zinazotoa mwanga wenye ukijani. Kamera niliiachia ijiamulie, nayo ikagawanya tofauti, ikakosea pande zote. Vidole vilikuwa kama vya mtu aliyepigwa na baridi, kiwiko manjano, na hina iliyoiva vizuri, nyekundu ya kahawia, imekuwa kama kutu ya nanga.

Picha hiyohiyo nimeipitisha kwenye programu nne za kuhariri picha. Mimi napiga upande wa wanawake, kakangu upande wa wanaume, na picha zote huishia kwangu, kwa hiyo nalinganisha kama mtu mwenye picha mia sita za kumaliza kabla ya fungate kwisha.

Kabla ya programu, faili

Joto la rangi hupimwa kwa kelvini. Mshumaa uko karibu na 1,900, balbu ya zamani ya waya kati ya 2,700 na 3,000, jua la mchana karibu 5,500, na kivuli kilicho chini ya mbingu safi isiyo na wingu hupanda hata 7,000 au 8,000. Namba ikipanda, mwanga unaelekea kwenye buluu. Sasa kinachowachanganya wengi: ukiisogeza slaida ya joto kwenda namba kubwa, picha inazidi kuwa ya manjano. Programu haijakosea. Umeiambia kwamba mwanga pale ulikuwa wa buluu kiasi hicho, nayo inatia manjano kuifuta ile buluu. Slaida ya pili, iliyo chini yake, huvuta kati ya kijani na majenta, ile rangi iliyo kati ya waridi na zambarau. Wanaoanza huisahau hiyo, na ndiyo inayoharibu ngozi kuliko ile ya kwanza.

Halafu kuna suala la RAW, faili ghafi la kamera, na JPEG, picha ambayo kamera imeshaitengeneza. RAW ni mchele, JPEG ni wali ulioiva. Kwenye wali chumvi ishaingia. Utaongeza tui, utaongeza hiki na kile, lakini chumvi huitoi. Kamera inapotengeneza JPEG huichoma rangi ndani ya picha na kubakisha ngazi 256 tu kwa kila rangi ya msingi. RAW ya biti 14 ina ngazi 16,384, na mizani ya rangi ni maelezo tu yaliyoambatishwa pembeni. Unaweza kuyabadilisha kesho na keshokutwa bila picha kuumia. Kwa hiyo mtu akiniuliza programu ipi, swali langu la kwanza ni: una faili gani? Kama ni JPEG za simu zilizokuja kwa WhatsApp, zimeshabanwa mara mbili, hakuna programu ya bei yoyote itakayofanya muujiza.

Snapseed: ya simu, na haidharauliki

Snapseed ni ya bure, iko chini ya Google tangu 2012, na haikudai ufungue akaunti ndipo uhariri. Ina sehemu ya mizani ya rangi yenye slaida mbili nilizozitaja, na ina kile kidude chenye umbo la kitoneshea dawa ya macho. Mimi nakiita kitone. Unakigusisha pahali unapojua hapana rangi, peupe au kijivu, na programu inasawazisha picha yote kutoka hapo.

Nilichukua nakala ya JPEG ya ule mkono, nikagusisha kitone kwenye asumini iliyokuwa katikati. Dakika haijaisha, hina ilikuwa imerudi. Vidole vilibaki na ubuluu kidogo, kiwiko na umanjano. Hapo nikaingia kwenye brashi, maana Snapseed ina brashi ya joto, unapaka kwa kidole pale tu unapotaka pawe na joto zaidi au pungufu. Nilipaka vidole joto, nikapaka kiwiko baridi. Ilikubali. Ukivuta picha karibu unaona mpaka wa kidole changu, lakini kwa picha ya kutumwa kwa shangazi aliyeko Muscat haina neno.

Tabu yake ni mbili. Picha unazishughulikia moja moja. Hata ukirudia marekebisho ya mwisho, bado ni kufungua na kuhifadhi, kufungua na kuhifadhi. Na skrini ya simu ni mshauri mbaya. Simu nyingi usiku hujigeuza za manjano ili zisiumize macho. Ukihariri katika hali hiyo utaziona picha zote za manjano, utazitia buluu, na asubuhi mteja ataona maiti. Zima hiyo hali kwanza. Nimewahi kukesha na picha themanini kwa kosa hilo.

GIMP: ya bure, nguvu nyingi, hasira nyingi

GIMP imekuwepo tangu katikati ya miaka ya 1990 na haijawahi kudai senti. Hukaa kwenye kompyuta yako, haihitaji bando. Haifungui RAW yenyewe. Hutegemea darktable au RawTherapee iifungulie mlango, na hapo unajiuliza kwa nini usibaki hukohuko.

Ina mizani ya rangi ya otomatiki ambayo inafaa kuielewa kabla ya kuibonyeza. Haitazami picha kama sisi. Huchukua nyekundu, kijani na buluu, kila moja peke yake, hutupa asilimia 0.05 ya ncha zote mbili, kisha hutanua kilichobaki kijaze nafasi yote. Maana yake ni kwamba picha yenye cheusi cha kweli na cheupe cha kweli itatoka vizuri. Mkono wetu una piko na una asumini, kwa hiyo otomatiki iliupata kwa mbofyo mmoja, nikacheka peke yangu. Nikaenda mbio kuijaribu kwenye picha ya machweo ya Shela, bibi na bwana wanatembea ufuoni. Ikaitafuta buluu isiyokuwepo, ikaitanua kwa nguvu, na jua la magharibi likawa kama saa nne asubuhi. Machweo hayana kosa la rangi la kusahihishwa. Yaache.

Kwa mwanga mchanganyiko, GIMP inakutaka uzidishe tabaka la picha: tabaka moja umesawazisha kwa ajili ya vidole, la pili kwa kiwiko, kisha unachora maski ya kuonyesha hili hapa na lile pale. Matokeo ni safi kuliko brashi ya Snapseed. Lakini ilinichukua karibu dakika ishirini kwa picha moja. Zidisha kwa mia sita.

Ninapoipenda GIMP bila shaka yoyote ni kwenye picha za zamani. Nyumba nyingi hapa zina albamu za miaka ya 1970 na 1980, picha za rangi ambazo sasa zimekuwa nyekundu tupu, bibi yako amevaa leso usiyojua ilikuwa rangi gani. Katika karatasi nyingi za wakati ule wino wa samawati ndio uliotangulia kufa, nyekundu ikabaki imetawala. Slaida ya joto haisaidii hapo. Unaskani picha, unaingia kwenye viwango, unaishughulikia kila rangi peke yake, unavuta ncha mbili za kila moja mpaka zikutane na mahali picha inapoanzia na inapoishia. Leso inaanza kurudi polepole. Nyingine haziji zote, lakini zinatosha mtu mzima kusema, "Ee, hii nilinunua mimi."

Lightroom: ya haraka, ya kulipia

Ukifungua RAW, Lightroom inakuonyesha kelvini halisi, kutoka 2,000 hadi 50,000. Ukifungua JPEG inakuonyesha toa mia hadi jumlisha mia tu, yaani inakiri kwamba wali umeshaiva. Kitone chake ni chepesi, na ukikigusisha pahali palipozidi mwanga mpaka rangi zikapotea, kinakataa na kukwambia. Snapseed haikuonyi.

Kwa mwanga mchanganyiko hii ndiyo iliyonishinda maneno. Maski zake zinamtambua mtu, na ndani ya mtu zinaitambua ngozi peke yake. Niliiambia ichague ngozi, nikaitoa sehemu ya kiwiko, nikaitia joto. Dakika tatu. Kisha unaweza kunakili mizani ya picha moja na kuibandika kwenye picha hamsini zilizopigwa chumba kilekile. Harusi ya siku tatu naimaliza jioni mbili.

Na hapohapo ndipo nilipojichoma. Picha ya bwana harusi na wazee msikitini, kanzu nyeupe pe. Nikagusisha kitone kwenye kanzu, nikaona rangi imebadilika kidogo, sikutazama vizuri, nikabandika kwenye picha arubaini, nikazituma. Mama wa bwana akanipigia: "Mwanangu, hawa wazee wote wana nyongo?" Walikuwa wa manjano kweli. Kanzu ile ilikuwa imefuliwa ikatiwa buluu, kama kanzu zote za heshima. Macho yetu huiona nyeupe kuliko nyeupe. Kitone kiliona buluu, kikatia manjano kuifuta. Nilimwambia, "Nisamehe mama, ni kosa langu," nikazirudia zote. Tangu hapo kanzu siigusi. Wala ukuta wa chokaa siugusi, kwa sababu una umaziwa, na ukiuita mweupe picha yote inapoa. Wala meno, wala weupe wa jicho. Asumini inafaa ukikosa kingine. Kinachofaa kweli ni kadi ya kijivu, kipande kidogo kinachokaa kwenye mkoba. Kila ninapoingia chumba kipya naomba mtu aishike, napiga picha moja, basi. Programu zote nne zinaifurahia kadi hiyo kwa kiasi sawa.

Malipo ya Lightroom ni ya kila mwezi, kwa dola, kwa kadi ya benki. Ukiacha kulipa, ile ya kompyuta iitwayo Classic inakuachia utazame picha zako na kuzitoa, lakini sehemu ya kuhariri inafungwa. Ya simu ina upande wa bure unaokupa slaida za rangi kwa JPEG, ila RAW na maski ni vya kulipia.

darktable: ngumu mwanzoni

Hii ni ya bure, ilitoka mara ya kwanza 2009, inakaa kwenye kompyuta, inafungua RAW, na haigusi faili la asili. Huandika maagizo yako kwenye kifaili kidogo pembeni. Siku za kwanza niliichukia. Ina moduli mbili za mizani ya rangi, ile ya zamani na ile ya usawazishaji wa rangi iliyokuja na toleo la 3.4 mwishoni mwa 2020. Ukizitumia zote mbili kwa pamoja inakuonya kwa maandishi mekundu, na mgeni hajui amekosea wapi. Jibu ni kuiacha ya zamani kwenye hali ya rejea ya kamera na kufanya kazi yote kwenye mpya.

Ukishalielewa hilo, kwa mkono wetu inafanya jambo zuri. Unaizidisha ile moduli: nakala ya kwanza kwa mwanga wa kiwandani, ya pili kwa balbu, ya tatu kwa taa ya kidakani, kila nakala na maski yake ya kuchora. Dakika sita mara ya kwanza, sasa tatu au nne. Tena ina njia ya kupima rangi ya kitu kwenye picha moja na kuidai irudi vilevile kwenye nyingine. Nilipima ngozi ya bibi harusi kwenye picha iliyo sawa ya kiwandani saa kumi, nikaidai ngozi hiyohiyo chumbani. Albamu nzima akawa mtu mmoja, si madada wanne.

Inahitaji laptopu yenye nguvu kidogo. Yangu ya zamani ilikuwa inapumua kama punda mwenye mzigo wa matumbawe.

Kitu ambacho zote nne zimeshindwa

Kwenye ukumbi wa kupamba, sherehe ya kumwonyesha bibi harusi, siku hizi kuna taa za zambarau na waridi. Watu wanazipenda, na zinapendeza kwa macho. Lakini mwanga wa aina hiyo una rangi mbili tatu tu ndani yake. Rangi nyingine hazikuwepo pale, kwa hiyo hazimo kwenye faili. Huwezi kurudisha kitu ambacho hakikuingia. Ni kama picha za matumbawe kule hifadhi ya bahari ya Malindi: maji hunyonya nyekundu kwanza, na ukishuka mita kadhaa bila taa, programu inaweza kutia rangi nyekundu, lakini itakuwa ya kubuni. Kwa kupamba mimi natumia fleshi iliyoelekezwa darini, au namwambia somo wa bibi harusi, yule mama anayemwongoza, kwa adabu, "Somo, tuzime hii kwa dakika tano." Picha chache zilizobaki na zambarau nazigeuza nyeusi na nyeupe.

Sasa, ipi?

Hapa ndipo mji unapoamua kuliko ubora wa programu. Kwenye harusi za wanawake simu huachwa mlangoni. Mimi ndiye ninayeaminiwa kuingia na kamera, na akina mama hawaniulizi kelvini. Wananiuliza picha zitakaa wapi. Lightroom ile isiyo Classic imejengwa juu ya wingu, kwa kawaida picha zako hupanda kwenye kompyuta za watu wengine. Kwa picha za kasa wa baharini sioni tatizo. Kwa bibi harusi aliyevua buibui, siwezi kumtazama mama yake usoni. Classic huweka picha kwenye diski yako, na kinachopanda ni kile ulichokichagua mwenyewe, hiyo naikubali. darktable na GIMP hazipandishi kitu. Snapseed inahariri simuni, lakini angalia simu yenyewe: nyingi huhifadhi nakala za picha mtandaoni bila kukuuliza mara mbili.

Kwa hiyo harusi za wanawake nazifanya kwa darktable, na ningemshauri dada yeyote anayeanza kazi hii hapa au Malindi avumilie wiki mbili za kuichukia. Mwenye harusi tatu kwa mwezi na anayelipwa vizuri, Classic itamrudishia pesa yake kwa muda itakaomwokolea, mradi asisahau tarehe ya malipo. Mpiga picha wa watalii, wa dau na punda na milango ya nakshi, anayetaka kutuma papo hapo kutoka gatini, Snapseed inamtosha kwa mwaka mzima. GIMP ni ya mwenye picha moja ya kutundikwa ukutani, au sanduku la picha za bibi yake.

Yoyote utakayochagua, ijaribu kwa ngozi, si kwa nguo. Weka mshale juu ya shavu au mgongo wa mkono, soma namba tatu: nyekundu iwe juu, kijani ifuate, buluu iwe chini kabisa. Hivyo ndivyo ilivyo kwa ngozi nyeusi, ya maji ya kunde na nyeupe. Buluu ikiipita kijani, slaida ya majenta imezidi. Nyekundu na kijani zikikaribiana sana, mtu ataonekana mgonjwa. Kisha chapisha kurasa mbili za majaribio kabla ya albamu nzima. Mimi nachapisha Mombasa, na albamu ikirudi na rangi mbaya ni boti hadi Mokowe upande wa bara, kisha basi la abiria, na siku nyingine nne za kusubiri huku simu ya mama inalia.

Ule mkono nimeuchapisha kutoka darktable. Nimeuachia ubuluu kidogo kwenye ncha za vidole, kwa sababu mlango ulikuwa upande ule na mwanga wa kiwandani una rangi hiyo saa kumi na moja jioni. Somo wake alipoiona picha hakusema lolote kuhusu picha. Aliuliza ile hina aliichanganya nani.